Namshukuru Mungu kwa Ombi Alilonikatalia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja na huzuni. Wengi husimama hapa kumshukuru Mungu kwa alichowapa. Mimi Kombe, mzee wenu wa hapa Mtopanga, nimesimama kumshukuru kwa alichoninyima. Nilimwomba kwa kufunga, nanyi mkanisaidia kuomba, naye akakataa. Jina lake litukuzwe!

Mnamjua mjukuu wangu Dama, binti wa mwanangu Katana. Alipofaulu kidato cha nne kwa alama ambazo mtaa wetu haukuwa umeziona, nilisimama papa hapa nikatangaza kwamba Mungu ametupa daktari. Dama mwenyewe sikumwuliza. Tangu siku hiyo mkaniita Babu Daktari. Kuna waliokuja kunionyesha miguu iliyovimba, na binti hata chuoni hajafika. Nami niliikagua, ndugu zangu! Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nililipenda jina lile kupita kiasi.

Kumbe Dama alikuwa amechagua jambo jingine. Chuo kikuu kilikuwa na digrii ya sayansi ya kiwango cha juu, kwa wanafunzi waliofaulu kuliko wenzao. Wanaoingia humo huanza utafiti mwaka wa kwanza, bega kwa bega na maprofesa. Lakini ukishusha alama, unaondolewa na kupelekwa darasa la kawaida. Wanachukuliwa wachache sana, na yeye alichukuliwa. Babu mwenye busara angechinja mbuzi. Mimi nilinuna.

"Ukimaliza utaitwa nani?" nikamwuliza.

"Nitaitwa Dama, babu."

"Nakuuliza kazi! Koti jeupe utavaa?"

"Nitavaa, babu. Ila sindano sitakuwa nayo."

Baba yake alicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, nikijiuliza nitawaambia nini wale wa miguu iliyovimba.

Basi nikaja kwenye maombi yetu ya Alhamisi nikawaambia kwamba mtoto ameingia njia isiyomfaa. Nikawasihi mwombe Mungu amtoe katika masomo yale, ampeleke kwenye udaktari. Mliniamini kwa sababu ya mvi zangu. Mkafunga, mkalia machozi. Ndugu zangu, niliwatumia vibaya, na leo naomba mnisamehe.

Mwaka wa pili Dama alianguka somo moja la hesabu. Akaambiwa asipopandisha alama kufikia mwisho wa mwaka, nafasi yake itakwenda. Katana aliponipa habari ile, nilisema, "Haleluya! Mungu ameanza kujibu." Ndiyo, nilisema hivyo, na mtoto yuko chumba cha pili anasikia.

Jumapili akaja kanisani. Nilikuja kujua baadaye kwamba alitaka kuombewa, maana lile somo lilikuwa linamnyima usingizi. Wakati wa kutaja mahitaji ya kuombewa ulipofika, nikamwona anainuka. Lakini kiongozi wa maombi alimtangulia: "Tusimsahau mjukuu wa Mzee Kombe, Bwana amtoe katika masomo yale." Kanisa zima likaitika amina. Dama akakaa tena, taratibu, akatazama viatu vyake.

Baada ya ibada alinifuata pale mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Ulimwomba Mungu nishindwe?"

"Nilimwomba akubariki, mjukuu wangu."

"Kwa kushindwa?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma. Alitoa chupa kwenye mkoba wake akaelekea kisima cha kanisa. Katana alikuwa amesimama kando yangu. Huyu ni mwanangu aliyetaka kuwa mwalimu, nikampeleka bandarini nilikofanya kazi mimi, kwa sababu niliona ndiyo kazi ya wanaume. Hakuwahi kunilaumu. Siku hiyo alisema, "Baba, mimi ulinichagulia, nikanyamaza. Huyu usimguse."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alinikamata! Miguu yangu ikanipeleka kisimani. Nikamkuta Dama anahangaika na kamba. Nikamwuliza anatafuta nini humo, na hilo ndilo swali la kwanza la kweli nililomwuliza kuhusu masomo yake. Akaniambia anapima chumvi ya visima vyetu, kwa sababu maji ya bahari yanapenya chini ya ardhi kuja huku tunakoishi. Anataka kujua yanaingia kwa kasi gani wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, ili watu wajue pa kuchimba. Maji yale nimeyanywa miaka yote nikiyatukana, nisiwahi kujiuliza yameharibika vipi. Mtoto alijiuliza. Nikaishika kamba, nikamtekea. Nilikuwa nalia, nikasingizia jua.

Alhamisi iliyofuata nilirudi mbele yenu nikaomba tulifute ombi langu. Mama Rehema akaniambia, "Mzee, kuanzia leo ukipiga magoti nitakuuliza kwanza unaomba nini!" Mlinicheka, na nilistahili. Kisha mkaomba upya, kwa bidii zaidi ya mwanzo. Nilimpigia Dama simu nikakiri kila kitu. Akasema, "Asante, babu. Niombee hesabu. Kusoma niachie mimi."

Alisoma! Alama zilipanda, na nafasi yake haikuguswa. Sasa yuko mwaka wa mwisho, na majuzi alisimama mbele ya maprofesa kueleza utafiti wake. Mimi na Katana tulikaa mstari wa mbele, nimevaa koti la harusi yangu ambalo halifungiki tena. Nikasikia jina la Mtopanga likitajwa katika ukumbi ule, na kisima chetu, kisima cha kanisa hili! Nilimgonga Katana kiwiko mpaka akasogea.

Kisha profesa mmoja akamwuliza swali gumu. Dama akafikiri, akajibu, "Hilo bado silijui. Nitalitafuta." Nikaogopa ameharibu. Lakini yule profesa alitabasamu, akaandika, wakampigia makofi.

Ndugu zangu, mimi nimeishi hadi uzeeni sijawahi kutamka neno hilo. Nilijua kazi ya Katana, nilijua kazi ya Dama, nikataka hata kumjulisha Mungu. Bwana amenifungua kutoka kifungo hicho, na ametumia kinywa cha mjukuu wangu.

Kama nawe umepeleka ombi kwa Mungu kama mtu anayetuma mtoto dukani, njoo mbele leo, uliweke chini, umwachie yeye. Hakuna atakayekucheka kuliko nilivyochekwa mimi. Na mkiniuliza Dama atakuwa nani, jibu langu ni hili: silijui. Nimelisema mbele yenu wote, na moyo wangu umejaa furaha! Sifa zote ni zake aliyenikatalia.