Mawe ya Njiambili

Kijiwe chetu hapa Ujiji kina gogo la mchikichi, ndoo mbili zilizopinduliwa na kiti kimoja cha plastiki. Kiti ni cha Mzee Abdulatif, karani mstaafu wa bandari, na hata akisafiri hakikaliwi. Tunakaa juu ya tuta refu linalopita katikati ya barabara mbili za zamani, moja kulia, moja kushoto. Mtaa mzima unaziita Njiambili. Kule chini zimeliwa na ziwa maji yalipopanda, huku juu zimefunikwa na maduka, kimebaki kipande ambacho ukimwita mtu aliye mwisho wake anasikia. Hasna anachemshia kahawa papo hapo juu ya tuta tangu mumewe afariki, na kahawa hiyo ndiyo inayosomesha wanawe. Majuzi watu wa barabara mpya walipita wakapiga alama ya X nyekundu kwenye gogo letu. Lami inakuja. Tukaambiwa kuna kinga moja tu: ofisi ya malikale ikikubali kwamba Njiambili ni kumbukumbu, lami itapinda. Mtu wao alikuwa anakuja asubuhi hiyo, nasi tulikuwa tunapatana cha kumwambia. Kupatana ni neno kubwa.

Bibisi: Tuseme kajenga Mjerumani. Mjerumani analipa.

(Huyu ni Jumanne, fundi baiskeli. Redio yake haizimwi, na yeye pia.)

Mzee Abdulatif: Hatusemi tu, ni Mjerumani kweli. Babu yangu alikuwa akisimulia. Ya kulia ilikuwa ya wapagazi wanaoshuka ziwani na mizigo. Ya kushoto ya wanaorudi mikono mitupu. Wasigongane.

Wakili: Mzee wangu, kwa heshima zote, watu wa miguu wanagonganaje?

(Huyu ni Anatoli, muuza mawese. Hajawahi kushinda kesi hata ya kuku.)

Mzee Abdulatif: Wewe umewahi kubeba pembe ya ndovu kichwani?

Wakili: Nimebeba mawese.

Mzee Abdulatif: Basi nyamaza na mawese yako.

Hasna: Jamani, chagueni moja. Mgeni akifika mkamwambia matatu, anafunga begi lake anaondoka.

Wakili: Sasa nisikilizeni mimi. Vita ile ya kwanza, Mjerumani yupo, Mbelgiji naye kaja. Si ndiyo? Wote wanataka kwenda ziwani, na wote hawataki kuonana. Kila mmoja akachonga barabara yake. Huyu anapita huku kanuna, yule anapita kule kanuna. Hili tuta ndiyo mpaka wao.

Bibisi: Kwa hiyo Hasna anauza kahawa mpakani?

Wakili: Tena bila kibali.

Mzee Abdulatif: Mbelgiji anaingia hapa, Mjerumani alishakimbia. Alikuwa anamnunia nani?

Wakili: Hayo ni madogo, tutayarekebisha.

Bibisi: Nyie mnahangaika bure. Ndege ina matairi huku na huku, ndiyo au siyo? Barabara hii tairi la kushoto, hii la kulia. Hapa palikuwa uwanja wa ndege!

Mzee Abdulatif: Lahaula.

Wakili: Na tuta?

Bibisi: Rubani analenga. Tuta likiwa katikati ya miguu yake, anajua yuko sawa.

Wakili: Na michikichi iliyokuwa imeota juu ya tuta?

Bibisi: Ilipandwa kuficha ndege. Vita, bwana!

Tulicheka mpaka Mzee akamwaga kahawa. Hasna hakucheka.

Hasna: Chekeni. Nikitolewa hapa naenda wapi? Kibirizi kila pa kukaa pana mama wa dagaa. Bangwe simjui mtu. Nyie mtahamisha makalio tu. Mimi nahamisha nini, watoto?

Tukaona aibu kwa muda mfupi. Halafu Bibisi akaomba aongezewe.

Mgeni alifika kwa bodaboda, binti wa viatu vya shambani na kamera shingoni, akajitambulisha kwa jina la Yasmini. Wakili alimwamkia kwa Kiha, “Mwakeye”, binti akatujibu “Shikamooni”, na hapohapo tukammwagia wapagazi, Wabelgiji na ndege kwa pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Akatembea kando ya tuta lote, akiinama na kugusa udongo, kisha akarudi.

Yasmini: Wazee wangu, aliyejenga tutamtafuta sisi, hiyo isiwape shida. Njia mbili nimeziona. Nina swali moja tu. Tuta hili lilizungushiwa mawe ya kuchonga, mashimo yake bado yapo pande zote mbili. Bila mawe, wakubwa wangu wataniambia nimepiga picha tuta la viazi. Mawe yako wapi?



Niwaeleze wasio wa kwetu. Katika mtaa huu bwana harusi hakabidhiwi mke mpaka alete jiwe la Njiambili, liwekwe mlangoni pa nyumba mpya la kunawia miguu. Walifanya hivyo babu zetu, na wajukuu hawakuona sababu ya kuacha. Mzee Abdulatif ameoa mara tatu. Wakili alioa mara moja, ila mlango wake una ngazi. Bibisi hajaoa, lakini jiwe analogongea vyuma halikushuka kutoka mbinguni. Mimi ni mshonaji, nimepanga chumba, kizingiti si changu, kwa hiyo nilikuwa nawatazama wenzangu kwa raha zangu.

Bibisi: Yalichukuliwa na ziwa.

Yasmini: Ziwa halijafika hapa.

Wakili: Basi Wabelgiji.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Yasmini: Nashuka Kagunga na boti, nina kazi kule. Nikirudi nitapita tena. Nikikuta mawe nitaandika mawe. Nikikuta viazi nitaandika viazi.

Bodaboda ikaondoka naye. Hasna akainua birika motoni, akaliweka chini. Akayasogeza makaa kwa kijiti. Akafunga kanga mikononi, akaanza kuyang'oa mafiga yake moja moja, mawe ya pembe nne, meusi kwa masizi, yaliyokuwa ngazi ya mlangoni pake mumewe alipokuwa hai. Akayapeleka ukingoni mwa tuta na kuyashindilia kwenye mashimo. Yaliingia yote. Yakabaki pale yanafuka moshi, na pembeni yake mashimo matupu yameongozana hadi madukani.

Mzee Abdulatif alinyoosha kikombe.

Mzee Abdulatif: Hebu niongezee, mwanangu.

Hasna: Kahawa imeisha, Mzee.

Mzee Abdulatif: Si hilo birika limejaa?

Hasna: Imeisha. Itakuwepo nikiyaona ya mlangoni kwako.

Mzee aliangalia kikombe chake, akaangalia mawe.

Mzee Abdulatif: La mke mkubwa halitoki. Nililijengea kwa saruji.

Hasna: Jumanne ana tindo.

Bibisi akakohoa. Wakili akasema ngazi ni mali ya familia, lazima kwanza kikao kikae, akageuka huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, asimwone. Mzee Abdulatif akainuka, kiti kikabaki kitupu juu ya tuta. Na mimi nisiye na kizingiti nikatumwa kutafuta toroli.