Mfalme Amelala

Kijiwe chetu kipo Miyuji, kwenye benchi la Halfani, mtu wa Kondoa, muuza kahawa. Ubao wa chesi upo katikati ya benchi na hauguswi na mtu, maana mchezo unaendelea: Halfani kete nyeupe, Elisha nyeusi. Elisha amelazwa hospitali ya Mvumi, kifua kinamsumbua, kwa hiyo anacheza kwa meseji. Msomaji ni mimi. Wananiita Ngumbaru, sawa tu. Elisha ndiye aliyenipeleka darasa la watu wazima, na sasa nasoma. Leo meseji yake ikaingia kwenye simu ya Halfani. Nikaisoma kwa sauti, sikuruka herufi: "Mfalme amelala."

— Basi kashindwa, akasema Matonya, mlinzi wa geti. Kwenye chesi ukikubali yaishe, unamlaza mfalme wako.

— Ashindwe na nani? Halfani akauliza. Ona farasi wake, yuko sebuleni kwangu. Anayekufa hapa ni mimi.

— Huo mchezo wake wa Sisilia! Eti unaitwa ulinzi. Mimi nimelinda mageti mangapi, sijawahi kulinda kwa kuvamia nyumba ya jirani.

— Ndiyo ukali wake, akasema Henry, fundi redio, tunamwita Injinia. Anaacha kwake wazi, anakuja kwako. Huo mtego. Mfalme anajifanya kalala, wewe Halfani usogee, akumalize.

— Au kapewa dawa ya usingizi, Matonya akasema. Anayecheza ni nesi.

— Nesi ataijulia wapi Sisilia? Injinia akauliza.

— Elisha huyu? Kashawafundisha mpaka wafagizi wa wodi!

Tukacheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe.

— Ngumbaru, soma tena, Halfani akasema.

Nikasoma.

— Una hakika ni "amelala"? Siyo "analala"?

— Ni "me", kaka. Siyo "na". Amelala.

Matonya akavua kofia.

— Sisi Wagogo tukisema mtu mzima amelala…

— Matonya, kunywa kahawa, Halfani akamkatiza.

Batuli wa vitumbua akavuka barabara na kikombe chake.

— Shikamooni. Mbona mmepoa hivyo?

Tukamweleza yote: meseji, farasi, mtego, nesi.

— Sasa mmempigia?

Injinia akainama kufunga kamba ya kiatu. Halfani akafuta ukingo wa ubao kwa kiganja, nao hauna hata vumbi. Kisha akanipa simu.

— Piga wewe, unayejua kusoma.

Nikatafuta jina. Nikaliona. Nikalisoma herufi moja moja, E, L, I, taratibu kuliko siku yangu ya kwanza darasani, nisifike mwisho upesi.