Mpangaji Asiyejulikana kwa Mjumbe

Treni ilipoondoka Tabora, Maua, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo mjini humo, alikuwa ameikamata simu ya bintiye Najiat mkononi. Mwanamume mzima alitumia picha ya msichana mwenye misuko kujifanya msichana mtandaoni, akamlaghai mtoto huyo mpaka wakapanga kukutana kwa siri, ndipo Maua akagundua na kumnyang'anya simu.

"Ungemchunga mwanao, dada," alisema Masanja, mchuuzi wa pamba aliyekaa mbele yake, baada ya kusimuliwa kisa hicho. Ushauri aliutoa bure, na thamani yake ilikuwa hiyohiyo.

"Nimemchunga, kaka. Lakini mimi nikipangisha chumba, mpangaji nampeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi ajulikane. Nikimficha, nakamatwa mimi mwenye nyumba. Hawa wenye mtandao wanawapangisha wasiowajua katikati ya watoto wetu. Nimewashtakia mtu huyo, wamejibu eti hajavunja masharti yao."

"Sheria itawabana vipi, nao wako ughaibuni?"

"Mbona pesa zetu zinawafikia hukohuko?"

Treni ikapunguza mwendo, ikiingia kituo cha Kigwa. Simu ikawaka: "Najiat, huenda unamfahamu huyu." Jina lilikuwa jipya, lakini picha ilikuwa ileile ya msichana mwenye misuko. Maua akamgeuzia Masanja kioo cha simu. Masanja akakitazama. "Kumbe wamempangisha tena," alisema, akachukua begi lake, akateremka kituoni kwake.