Muhuri Uliokwenda Dunguni

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu, na wazee shikamooni. Nasimama hapa bado nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mnakumbuka serikali ilipoleta uchangiaji wa matibabu, kila mgonjwa alipie. Tukaambiwa mkutanoni kwamba mzee asiye na uwezo atatibiwa bure, mradi awe na barua ya kijiji yenye muhuri. Na mimi nilipiga makofi.

Masika ile kidonda cha mguuni kwa mama yangu kikaanza kunuka. Nikampakia kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, Ifakara. Karani akauliza, "Barua iko wapi?" Nikamwacha mama kwenye benchi la kituo, nikarudi kijijini, ofisi imefungwa. Si ni msimu wa mpunga? Watu wote wamehamia mashambani, wanalala madunguni, vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo. Mtendaji wa kijiji naye yuko dunguni kwake ng'ambo ya mto, na muhuri kaubeba mkobani usije ukaibiwa. Msicheke, nanyi mlikuwa huko huko.

Nikavuka kwa mtumbwi, nikatembea majini kutwa. Mtendaji akaandika vizuri, akagonga muhuri. Wino umekauka. Akautemea mate, akagonga tena, ikabaki alama kama ya kikombe cha chai. Nikaipeleka Ifakara, karani akaitazama. "Kaka, hii siwezi kuipokea. Nitaulizwa mimi."

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilimtukana yule dada karani, nikaichana barua, nikamrudisha mama nyumbani. Siku tatu nimenuna, mguu unaoza. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hizo hasira zako ndiyo dawa?"

Jumapili akina mama waliotoka mashambani kuja kusali walimkuta katika hali ile. Kesho yake sita kati yao wakambeba, wakasimama dirishani kwa karani. "Sisi tunamfahamu. Andika majina yetu." Mganga wa kituo akatoka, akawasikiliza, akampokea. Nami nilimwomba yule dada msamaha mbele ya watu.

Hospitali walikompeleka, mguu ule waliukata chini ya goti. Daktari hakunificha: tungewahi, ungepona. Siku zile tatu ni zangu, simsingizii mtu.

Akina mama, asanteni sana. Nawaambia wengine: ukikataliwa dirishani, usiondoke na mgonjwa wako. Kaa hapo, utume mtu atuite.

Na mkutano wa kijiji umeamua muhuri usivuke mto tena. Anautunza mama yangu, maana yeye haendi tena shamba. Kila asubuhi anafungua kikopo, anautia wino.