Fundi Kunde na Kivimbe cha Tano

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Juni. Fundi wetu wa kushona, anayejulikana na wote kama Fundi Kunde, anastaafu baada ya kulitumikia shirika hili la hisani kwa miaka ishirini na sita. Ameishi mbali na alikozaliwa kwa miaka thelathini na mmoja. Ukimuuliza umri wake atakutajia hesabu hizo mbili, na umri wenyewe hautaji.

Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake. Barua yake ya maombi ilikuwa na mistari mitatu na haikutoa sababu, kwa hiyo ofisi nzima ikajitafutia. Watu wa mapokezi walisema amepata kazi ya mapazia hotelini. Dereva aliapa kwamba amegombana na Mwenyekiti juu ya cherehani mpya. Mpishi alisema ni wajukuu tu, na akakataa kuhojiwa zaidi. Sababu ya kweli Fundi ameruhusu iandikwe hapa, kwa sharti kwamba iandikwe yote.

Alikuja kwetu kushona mapazia. Siku hizo chumba cha uchunguzi kilikuwa na shuka moja iliyobanwa kwa pini mbili, na akina mama walivua blauzi huku wameing'ata ncha ya shuka isianguke. Fundi alitaka kujua nyuma ya pazia kunafanyika nini, ndipo achague uzito wa kitambaa. Muuguzi wetu, ambaye wakati ule alikuwa binti mwembamba na mwenye haraka, akamweleza habari za saratani ya matiti, dalili zake, na faida ya kuiwahi. Fundi akauliza hicho kivimbe kikiguswa kikoje. "Kama kunde," muuguzi akasema, "lakini si kila kivimbe ni saratani, ndiyo maana tunapima." Fundi akafikiri. "Kunde mbichi au kavu?" Muuguzi anakiri mpaka leo kwamba swali hilo hakuwahi kuulizwa chuoni.

Mapazia yalichelewa wiki moja. Kilichofika kwanza ni titi la kitambaa cha fulana, limejazwa sponji na pamba, na ndani yake kunde nne zimefichwa: moja juu juu, mbili katikati, moja chini kabisa karibu na kwapa. Hadi hapo tulikuwa tukigawa karatasi zenye picha, na picha haishikiki. Muuguzi akaliweka mezani, akafumba macho, akazitafuta zote nne kwa ncha za vidole. Darasa letu la kwanza lilianza asubuhi ileile, mwanafunzi wake akiwa mfagizi.

Jina la Kunde lilithibitika msimu wa mvua. Paa la stoo lilivuja, matiti mawili yakalowa, na siku ya nne, mbele ya akina mama wa kikundi cha kusuka, chipukizi la kijani likachungulia kwenye mshono. Mwenyekiti alimwita. "Fundi, hapa tunafundisha afya au kilimo?" Tangu siku hiyo alitumia shanga za mbao. Jina halikubadilika.

Matokeo yake yamo kwenye daftari la mapokezi. Kuna safu inayouliza mgonjwa amekaa na dalili kwa muda gani. Kurasa za zamani zinasema: mwaka, miaka miwili, sikumbuki. Ukifunua kurasa za miaka ya karibuni unakuta: wiki mbili, siku kumi, tangu jana. Tofauti ya maneno hayo ni watu wanaopita mitaani leo wakinunua mboga.

Kazi ya kuwafundisha wanaume aliianzisha mwenyewe. Alikwenda kwa waashi saa ya mapumziko akiwaeleza kwamba mwanamume naye ana titi, dogo lakini lipo, na linaweza kuugua. Waashi wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mzee, sisi tumeacha kunyonyesha!" Fundi akacheka nao, akarudi karakana kushona kifua bapa cha kiume. Ili apate kipimo cha unene akavua shati, akajibonyeza kifua chake mwenyewe upande wa kushoto, nyuma ya chuchu. Palikuwa na kitu kigumu, hakisogei.

Akakaa kimya siku kumi na tisa. Yeye aliyekuwa akiwaambia watu wasikae hata wiki alikwenda kazini, akafundisha, akarudi nyumbani, akalala na fulana wakati wa joto kali. Mkewe ndiye aliyemuuliza tangu lini amekuwa mtu wa baridi. Alipoambiwa, hakulia. "Kumbe yale maneno yako ni ya kuuza kwa wenzio tu?" Kesho yake alimfikisha hospitali kabla milango haijafunguliwa. Fundi alipasuliwa, akapewa dawa za kemo kwa miezi kadhaa, akapona. Miaka saba imepita. Katika kila darasa huzitaja zile siku kumi na tisa, wala hazipunguzi.

Jambo moja hakulitaja. Dawa zilimletea ganzi vidoleni. Kwa watu wengine hupotea. Yake ilipungua, haikuisha. Kushona aliweza, kwa kuwa jicho na mazoea viliongoza mkono. Ila kila titi lililokamilika lilipaswa kukaguliwa kwa kulibonyeza, na kubonyeza ndiko kulikomshinda. Akatafuta njia. Aliweka shanga nne kwenye bakuli kabla ya kushona. Bakuli likibaki tupu, alijua zimeingia nne, akatia sahihi. Sisi tulioona bakuli lile tulidhani ni unadhifu.

Mwezi wa pili mwaka huu darasa lilifanyika kwenye ukumbi wa shule, akina mama arobaini. Miongoni mwao alikuwa muuza mkaa wa mtaa wa pili, tunayemwita Mama Mkaa, amekuja na wifi yake. Vidole vyake ni vigumu na vyeusi kwenye kucha, na wenzake walimtania: "Kwa mikono hiyo utasikia nini, labda gunia!" Akalibonyeza titi la kitambaa polepole, kisha akasema vivimbe vipo vitano. Muuguzi akamwambia ni vinne, vimekuwa vinne siku zote. "Basi hiki cha tano nimekuja nacho mimi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akaitwa. Akabonyeza mahali alipoonyeshwa, hakusikia kitu, akasema kwa upole wake wote, "Mama, umechoka. Ni vinne."

Wifi yake akamvuta nguo. "Acha kutuaibisha, fundi mwenyewe kasema." Mama Mkaa akaondoa mkono. Akatazama chini na kusema labda ni kweli amechoka.

Ni muuguzi aliyelichukua tena lile titi, kwa sababu hakuupenda ule mkono ulivyoondoka. Akabonyeza. Akaomba mkasi. Ndani ya pamba kulikuwa na fundo la uzi lenye ukubwa wa punje ya dengu, limesahauliwa humo. Fundi akasema ni kosa lake, akaomba radhi, akina mama wakapiga makofi, na sisi ofisini tukahesabu kwamba yamekwisha.

Hayakwisha. Siku ya pili alikwenda kwenye kibanda cha mkaa, akakaa juu ya gunia, akatoa mfukoni shanga na vipande vitatu vya kitambaa. Akamwomba Mama Mkaa amfichie shanga chini ya kitambaa kimojawapo, naye aitafute kwa vidole, mara kumi. Mteja mmoja akauliza kama biashara ya mkaa imekufa wameanza kamari. Fundi alipata mara mbili, na moja kati ya hizo, alikiri, alichungulia. Ndipo akamweleza habari ya ganzi, mtu wa kwanza kuijua baada ya mkewe. Akamwambia na lile lililokuwa likimsumbua tangu jana: kama kile kivimbe kingekuwa mwilini mwako, mama, nami nikakwambia huna kitu, ungeniamini ukaenda zako nyumbani.

"Ningekwenda," Mama Mkaa akasema. "Tena kwa furaha."

Matiti yote sitini na mawili yakarudishwa kutoka vikundini. Mama Mkaa, anayefunga kibanda saa sita, aliyakagua kila mchana kwa wiki tatu. Kumi na moja yalikuwa na kasoro: mafundo ya uzi, na shanga zilizozama kiasi kwamba hakuna ambaye angezipata. Akina mama waliofundishwa kwa hayo kumi na moja wameitwa tena, na wengi wamekuja. Tangu mwezi wa nne Mama Mkaa ndiye mkaguzi wetu, na karakana sasa ina washonaji wawili waliofunzwa na Fundi. Hakuna anayetia sahihi kazi aliyoishona mwenyewe. Kanuni hiyo ameiandika Fundi, na ndiyo karatasi pekee aliyowahi kuibandika ukutani.

Mwenyekiti alimsihi abaki hadi miaka yake itimie, kisha akamsihi awe anakuja Jumanne tu, akae, watu wamwone. Fundi alikataa yote mawili. Alisema akiwa ndani ya karakana, Mama Mkaa atakuwa anamletea kila titi aliangalie kwanza, kwa heshima. Naye, kwa heshima, atasema liko sawa. Wiki ijayo yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao, safari ya siku mbili kutoka hapa. Mzigo, anasema, ni mdogo kuliko aliotoka nao kwao.

Fundi, umetuuliza maswali ambayo wasomi wetu waliyaruka, na umekubali kuulizwa. Kwa niaba ya wafanyakazi, wanachama, na wote waliowahi kwa sababu yako, asante sana. Afya isikupungukie, kliniki yako ya kila miezi sita usiiruke, na mama watoto aendelee kukusimamia kama alivyokusimamia siku ile. Uzee wako uwe na vicheko vingi, na wajukuu wasikuchoshe mapema.

Ametuomba tumalizie kwa jambo moja, kwa sababu Mwenyekiti bado anawaambia wageni kwamba Fundi tutamwona Jumanne. Hatutamwona. Hatarudi.