Chungu cha Mama Bilkisi Hakifungwi kwa Kufuli

Leo, tarehe 30 Novemba 2024, Mama Bilkisi Shida anastaafu baada ya kutulisha miaka ishirini na minane hapa kwenye depo ya malori ya Mapendano, Kolwezi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Symphorien Mpoyi, fundi wa breki, kazi ya kuandika wasifu wake, ikaniomba niandike kwa furaha. Furaha ipo, na yote ni yake. Zaidi ya hiyo nina hasira, wala sitaifunika kwa kitambaa cha meza.

Mama Bilkisi ni mzaliwa wa Kasongo. Alikuja Kolwezi akiwa bibi harusi wa Tata Aruna, dereva wetu wa zamani, Mungu amrehemu. Alipoanza kazi mwaka 1996, jiko letu lilikuwa mabati manne na mbabula mbili za makaa. Madereva walishindia mkate na soda, kisha wakasinzia kwenye usukani. Aliwatazama kwa muda, akatunga sheria yake: lori linalorudi depo lisirudi mikono mitupu. Aliyetoka Kasaji alileta mihogo na mananasi. Aliyetoka Mutshatsha alileta uyoga na masuku, yale matunda ya porini yanayonata vidoleni. Aliyesahau alipokelewa getini kwa maneno ambayo sote tunayajua: "Tata, unaniletea njaa tupu? Hauna hata na nyanya moya?" Mkono mtupu haulambwi, na kwa Mama Bilkisi mwenye mkono mtupu alikula wa mwisho.

Ndiyo maana sisi hatukuhitaji kalenda. Mvua zikianza, tuliona uyoga wa rangi ya chungwa ndani ya mchuzi wa karanga, na maembe mezani. Baadaye yakaja mahindi mabichi na majani ya maboga. Kisha parachichi, nyanya na kitunguu, limao kidogo, chumvi, basi. Kiangazi ni viazi vitamu. Na mwaka mzima bukari ya moto, ugali wetu mweupe, pembeni yake lengalenga, ule mchicha wetu, aliyoilima mwenyewe nyuma ya jiko. Hakuna kilichotoka mbali wala kilichokuwa cha kifahari. Ila ukifunua sahani ile, uchovu wa barabara ulikutoka.

Mboga zilizomwagiliwa maji ya kule wanakooshea mawe ya shaba alizikataa, hata zikiwa zimenawiri namna gani. Wachimbaji wenyewe hakuwakataa. Vijana waliopita getini na vumbi mpaka kwenye kope walipewa bukari kama sisi, wakaambiwa wanawe mikono kwanza.

Yapo pia ya kuchekesha. Mwezi wa Ramadhani hakuweza kuonja, basi kazi ya kupima chumvi ilimwangukia msaidizi wake, Mama Florentine, mtu wa kanisani, ambaye ulimi wake haujawahi kuelewana na chumvi. Mwaka wa kwanza tulikula sombe ya majani ya muhogo iliyotufanya tumalize pipa la maji. Mama Bilkisi alicheka mpaka akakaa chini, yeye aliyekuwa na kiu kuliko sisi.

Sasa tuache kucheka. Mwaka huu tumepata mkurugenzi mpya, Tata Gael. Kwanza alipiga marufuku malori kusimama njiani, akafunga ndani ya kila gari chombo kinachoonyesha ofisini limesimama wapi. Vikapu vikakoma kuja. Kisha bustani ya lengalenga ikamwagiwa saruji ili magari ya ofisi yapate pa kuegeshwa. Asituambie alidhani ni magugu. Aliila miezi mitano, na aliomba kuongezewa. Mwisho akatangaza kwamba kuanzia Desemba tutaletewa chakula ndani ya maboksi ya plastiki: wali baridi na kuku wa barafu aliyevuka bahari. Mama Bilkisi alionja boksi la mfano, akaweka kijiko chini. "Hii kuku ilikufaka mara mbili," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Aliomba jambo moja tu kabla ya kuondoka. Kila mwaka, uyoga wa mvua za kwanza ukifika, depo nzima hukaa mkekani na kula sinia moja, mkurugenzi bega kwa bega na mlinzi, na ni mwiko kutaja kazi mpaka sinia liwe tupu. Aliomba kupika chungu cha uyoga huo leo, siku yake ya mwisho. Jibu alilipata juzi, Alhamisi: alikuta kufuli kwenye mlango wa jiko, sufuria zake zikiwa ndani. Asante ya punda ni mateke.

Alikaa kwenye benchi la nje kutwa nzima, amevaa aproni yake, mikono mapajani. Kwa miaka yote hii sijawahi kuiona mikono ile ikiwa haina kitu. Nilirudi chini ya lori langu nikalia kwa hasira, na naona aibu kwa niaba ya kampuni, maana yenyewe haioni. Leo kampuni itamkabidhi zawadi: oveni ya umeme ya kupashia chakula moto. Mtaani kwao umeme huja kama mgeni, hauagi ukiondoka.

Karatasi hii ilipelekwa kwa Tata Gael jana aikague. Aliigonga muhuri bila kuisoma, akisema wasifu wa wapishi unafanana wote. Kwa hiyo haya anayasoma sasa, pamoja na sisi. Karibu, Tata.

Mnaposoma haya, dereva wetu Akram amekwisha kuwasili kutoka Mutshatsha. Chombo cha ofisini kitaonyesha kwamba lori lake lilisimama njiani muda mrefu. Ni kweli lilisimama, na uyoga aliokuja nao mtaunusa kabla ya kuuona. Mama Florentine amewasha mbabula nje ya geti, upande wa barabara usio wa kampuni. Sufuria tumeazima majumbani kwetu. Chumvi hatapima yeye.

Mama Bilkisi, asante. Asante kwa kila sahani, na kwa kutufukuza getini ili tujifunze kuleta. Mungu akupe miaka mingi ya kula ulichopikiwa na wengine, kilichotoka shambani siku hiyohiyo, na asiwepo wa kukuwekea kufuli. Kwenye meza kuu wamekuwekea kiti chenye utepe. Kiache. Kiti chako kiko nje karibu na moto, na mwiko uko juu yake.

Maboksi yaliyoletwa kwa sherehe ya leo tunayaacha humu ukumbini yasikilize hotuba. Mkekani tumemwachia nafasi Tata Gael pia, ila sheria ni ileile: asije mikono mitupu. Alete ufunguo.