Mbuzi wa Préavis

Pirogue ya moteur, mtumbwi wa injini, iliondoka Lubunga kuvuka mto kwenda mjini, mbuzi akiwa amesimama juu ya kiatu changu. Aliyemshika kamba, mzee mmoja aliyejiita papa Timothée, alikuwa akimweleza mama mwenye beseni la samaki kwamba alikuwa mlinzi wa depo ya mbao. Patron, mwenye depo, amemfukuza ghafla, bila préavis, ile notisi ya kuachishwa kazi, wala malipo ya mwisho. Badala yake amempa mbuzi huyu.

"Alisema, 'Papa, kamata mbuzi, tumemalizana.'"

"Na ulimukamata?" mama akauliza.

"Nilikamata kamba tu. Sijamukula. Ukikula mbuzi ya mutu, umeitika maneno yake. Hata kwa ndoa iko vile: familia ikishakula mbuzi, binti ameenda."

Kimoyomoyo nilikubaliana naye. Mbuzi hakutoka kwenye kiatu.

"Bon, papa," mama akasema, "kwa inspecteur wa kazi hatuko kwa ndoa. Préavis na mushahara ya mwisho ni feza. Hata ungemukula yote na mboga ya pondu, haki yako inabakia."

"Alors, mbona kila asubui patron anatuma mutu kuniuliza kama tumeshamukula?"

Mama aliinamia beseni. Akapanga samaki wake ambao walikuwa wamepangika tayari.

Pirogue ikagonga ufuko wa mjini. Mwenye pirogue akanyoosha mkono: watu wote wamelipa, bado mbuzi.

"Mbuzi iko ya nani?"

"Ile njo tunaenda kuuliza kwa inspecteur," papa Timothée akasema.